Mboni Iliyotanuka Kupita Kawaida: Maswali na Majibu

Midriasisi ni nini?

Ni jina la kitabibu la hali ambayo mboni, yaani lile tundu jeusi lililo katikati ya jicho, hutanuka kupita kawaida na mara nyingi hukataa kusinyaa hata jicho linapomulikwa. Penye mwanga mkali mboni ya mtu mzima huwa na upana wa milimita 2 hadi 4, na gizani hufikia milimita 4 hadi 8. Mboni pana usiku si ugonjwa. Mboni pana saa sita mchana, jua la Dodoma likiwa utosini, ina sababu ya kutafutwa.

Je, inahusiana na vikope?

Hapana. Vikope, yaani trakoma, ambayo wakazi wa Kongwa, mkoani Dodoma, wanaifahamu vizuri, hushambulia upande wa ndani wa kope na hatimaye konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho. Mboni huongozwa na misuli miwili, mmoja wa kuibana na mwingine wa kuitanua. Ule wa kuibana hupokea amri kupitia neva ya tatu ya fuvu. Neva hiyo ikigandamizwa, au amri yake ikizuiwa na kemikali, mboni hubaki wazi.

Kemikali hiyo hutoka wapi?

Mara nyingi hutoka kliniki ya macho, ambako mgonjwa huwekewa matone ya tropikamidi ili daktari aone retina, yaani utando wa nyuma ndani ya jicho unaopokea mwanga. Nguvu yake huisha baada ya saa kadhaa, na katika muda huo mwanga huumiza na maandishi ya karibu hayasomeki, hivyo aliyekuja kwa pikipiki atafutiwe mtu wa kumwendesha. Atropini, dawa nyingine ya kutanua mboni, hukaa zaidi, hata wiki moja au mbili.

Chanzo cha pili hakitajwi inavyostahili, nacho ni datura, gugu lenye ua jeupe mfano wa tarumbeta na tunda lenye miiba linalopasuka na kumwaga mbegu ndogo nyeusi. Mkulima anayeling'oa wakati wa palizi kisha akafikicha jicho anaweza kutanuka mboni ya jicho hilo pekee. Mbegu zikichanganyika na nafaka na kuliwa, mboni zote mbili hutanuka, mdomo hukauka, moyo huenda mbio na mtu huanza kuweweseka. Jamaa hudhani amerogwa, na saa za matibabu zinapotea. Apelekwe hospitali mara moja, pamoja na mabaki ya chakula au mmea wenyewe.

Ni wakati gani hali hii ni ya dharura zaidi?

Ni pale mtu aliyeumia kichwa, kwa mfano katika ajali ya bodaboda, anapoanza kusinzia huku mboni moja ikipanuka, kwa kuwa damu inayovuja ndani ya fuvu huenda inausukuma ubongo uigandamize neva ya tatu. Asiachwe alale "apumzike". Jicho jekundu lenye maumivu makali, kichefuchefu na ukungu wa kuona linaweza kuwa na presha ya macho ya ghafla, nalo lisisubiri kesho.

Mboni zangu hazilingani lakini sina tatizo lolote. Niogope?

Takriban mtu mmoja kati ya watano ana tofauti ndogo, kwa kawaida isiyozidi milimita 1. Tazama picha zako za zamani zilizopigwa kwa karibu: tofauti ikionekana humo pia, na kope halijalegea, muoneshe mtaalamu wa macho kwa wakati wako.