30/60/25: kusoma kima cha chini cha bima ya gari Marekani, na pa kupunguzia malipo

Aliyezoea bima ndogo na bima kubwa za Dar, akinunua gari Texas hukutana na tarakimu 30/60/25. Hizo ni maelfu ya dola, na zote huwalipa watu wengine: hadi 30,000 kwa majeruhi mmoja, hadi 60,000 kwa majeruhi wote wa ajali moja, na hadi 25,000 kwa mali uliyoharibu. Gari lako halimo humo.

Kila jimbo lina sheria yake. Ohio ni 25/50/25. California ilikuwa 15/30/5 mpaka Januari 1, 2025, ilipopanda kuwa 30/60/15. Minnesota ni 30/60/10, na juu yake lazima uwe na 40,000 za majeraha yako mwenyewe, awe nani mwenye kosa, pamoja na kinga dhidi ya dereva asiye na bima. Ukihama jimbo, iarifu kampuni mapema. Bei hupangwa kwa mahali gari linapolala, kwa hiyo anayeandika anwani ya ndugu wa jimbo la nafuu anajitafutia kunyimwa fidia.

Wanaotaka malipo yashuke hukimbilia kukata tarakimu hizo. Hapo ndipo pabaya pa kukata. Ukiiharibu kabisa pikapu ya mtu yenye thamani ya dola 55,000, bima ya kima cha chini ya Texas italipa 25,000. Zile 30,000 zilizobaki unadaiwa wewe, na unaweza kushtakiwa. Uliza bei ya 100/300/100 kabla hujaamua. Mara nyingi nyongeza yake ni ndogo kuliko watu wanavyodhani.

Kata upande wa gari lako. Tuseme gari lina thamani ya 4,000, na mkataba unakutaka utoe 1,000 za kwanza mfukoni kabla kampuni haijalipa. Hata likiangamia hutapata zaidi ya 3,000. Kama kipengele cha mgongano, kile kinacholipia gari lako likigongana, kinakula 700 kwa mwaka, kiondoe. Lakini gari likiwa na mkopo usikiguse: mkopeshaji atakukatia bima yake, ghali, inayomlinda yeye. Kwa gari la thamani kubwa, pandisha fedha za mfukoni kutoka 500 hadi 1,000, ilimradi hizo 1,000 kweli unazo.

Pengo la bima nalo hupandisha bei, hata la wiki chache. Umeuza gari na hujanunua jingine? Kuna bima ya dereva asiye na gari, nayo ni nafuu. New York, rudisha kwanza namba za gari ndipo ufute bima, la sivyo utapata adhabu.

Majimbo mengi huruhusu historia yako ya mikopo itumike kupanga bei. California, Hawaii na Massachusetts hayaruhusu. Kuulizia bei hakushushi alama zako za mikopo, basi uliza kampuni tatu au nne, zote kwa tarakimu zilezile, ama sivyo hulinganishi kitu.

Anayebeba abiria au kupeleka chakula kupitia programu za simu aongeze kipengele cha kazi hiyo. Bima binafsi kwa kawaida haigharamii ajali iliyotokea ukiwa kazini, na kampuni ikigundua ulificha inaweza kukataa kukuhuishia mkataba.