Mtoto anauliza swali lilelile mara ishirini, na wewe unamjibu mara ishirini

Tangu tupite mashuleni wiki ile ya Siku ya Afya ya Akili Duniani, ya Oktoba 10, simu ya kliniki yetu ya watoto haipumui, na mimi nashukuru kwa kweli maana zamani ulikuwa unakaa Jumatano nzima unaona watoto wanne. Ila wengi wanaopiga wana maneno mawili. Wa kwanza anasema mmemwambia mwanangu ana OCD (ule ugonjwa wa mawazo ya kutisha na vitendo ambavyo mtu anashindwa kuacha kuvirudia), yaani mmeshamfanya kichaa. Wa pili anacheka anasema hiyo OCD mbona kwetu tunayo ukoo mzima, sisi tunapenda usafi. Yote mawili sio, na hili la pili ndo linanichosha zaidi.

Mama anayefagia uwanja asubuhi na jioni, akimaliza anakaa na chai yake roho kwatu, huyo ni mama msafi, mwacheni. Mwenye OCD akimaliza kufagia roho haitulii, anafagia tena, anafagia tena huku analia, ukimuuliza anakwambia najua pasafi ila siwezi kuacha. Kuna wazo linaingia bila hodi, linamtisha, alafu kuna kitu anajikuta lazima akifanye ili hofu ishuke, kunawa, kuhesabu, kugusa ukuta, kuuliza, kurudia sala. Sisi tunaangalia pia muda: ikishakula zaidi ya saa 1 kwa siku, au ikimzuia kusoma, kula, kulala, kucheza na wenzake, hapo tunakaa chini na mzazi. Na sio jambo la nadra, makadirio ya kimataifa ni kama mtoto 1 mpaka 3 katika kila watoto 100, na wengi inaanzia karibu miaka 10, kwahiyo shule yenye wanafunzi 800 piga hesabu mwenyewe.

Na sisi watu wa pwani jamani tusijifanye wageni. Wasiwasi wa udhu nani hajui? Mtu anakaa na kopo pale bombani, anasugua kiwiko, anarudia, anatia nia, anarudia nia, jamaa ndani wameshatoa salamu yeye bado yuko mguu wa kushoto. Upande wa pili kuna mtoto wa mafundisho ya kipaimara anayetaka kuungama kila siku dhambi ileile ambayo padri alishamwondolea. Jina tulikuwa nalo kabla ya hizo herufi tatu, tulichokosa ni kujua kwamba inatibika.

Nichukue mfano mmoja (nimechanganya habari za watoto watatu, usianze kutafuta ni wa nani). Mvulana wa darasa la sita, miaka 11. Mama alikuja na mfuko wa madaftari na nilipofungua la hisabati niliona mwanga upande wa pili, kurasa zimetoboka kwa raba, maana kila namba 8 lazima ifunge sawasawa, isipofunga anafuta, anaandika, anafuta. Nyumbani wananunua maji ya dumu, na kijana alikuwa anamaliza madumu matatu jioni moja kwa mikono tu, mikono yenyewe imepasuka kwa sabuni ya mche mpaka inatoa damu. Usiku ndo balaa. Mama umefunga mlango? Nimefunga. Umefunga kweli? Wallahi nimefunga. Hebu kaangalie. Mama anaamka anaenda kuangalia komeo, mpaka saa saba za usiku. Baba akaona alimalize kiume, akanunua kufuli kubwa, akafunga mbele ya macho ya mtoto, akampa ufunguo alale nao chini ya mto. Siku tatu raha tupu. Siku ya nne kijana anauliza, baba, una uhakika hilo kufuli ni lilelile?

Soma tena hapo kwenye kufuli. Ugonjwa wenyewe uko pale.

Hawa sio wazazi wabaya, ni wazazi wanaopenda kupita kiasi, wa kawaida kabisa, na nyumba nzima ilikuwa imeshaandikishwa kazi bila kujua: mama mkaguzi wa komeo, baba mnunuzi wa maji, dada wa kazi anafua upya sare iliyoshafuliwa, usiku, kwa siri, ili asubuhi pasiwe na kilio. Kila ukijibu "nimefunga", hofu ya mtoto inashuka kidogo, anapata nafuu ya dakika tano, na ubongo wake unajifunza kwamba kilichomwokoa ni jibu lako, kwahiyo kesho atataka jibu mara mbili zaidi. Unamwaga maji kwenye gunia lenye tundu. Halijai.

Dawa ya hili inaenda kinyume na huruma yetu ya kawaida. Matibabu yaliyothibitika zaidi ni mazoezi ambapo mtoto anakutana na kile anachokiogopa kidogokidogo, kwa hiari yake, bila kufanya lile tendo la kujituliza. Tunamwomba apange hofu zake kwa alama, 0 mpaka 10. Kugusa kitasa cha mlango bila kunawa labda ni 3, kula chapati kwa mkono uliogusa kitasa ni 6, kulala bila kuuliza mlango ni 9. Tunaanza na 3. Anagusa, tunakaa nae, tunapiga stori, hofu inapanda weee, alafu inachoka yenyewe inashuka. Hakuna aliyeshusha, imeshuka. Hapo mtoto anashangaa, na ule mshangao una thamani kuliko mahubiri yangu yote.

Kijana wetu aliupa ugonjwa wake jina, Bwana Hakikisha. Hii inasaidia sana kwa watoto, kwasababu sasa familia haigombani na mtoto, inagombana na Bwana Hakikisha. Mama akafundishwa sentensi moja: "Hilo ni swali la Bwana Hakikisha, mimi nae sina maongezi. Najua inakutesa mwanangu, na najua utaweza." Anasema mara moja, kwa upole, alafu hajibu tena. Hasemi kwa hasira, na haamki tu siku moja akakata majibu kama mtu anakata umeme. Unamkalisha mtoto mchana mkiwa na amani, unamwambia kuanzia Jumatatu nitajibu swali la mlango mara tatu, wiki ijayo mara moja, baadae sijibu. Siku za mwanzo atapiga kelele zaidi, atakwambia hunipendi. Huo ugonjwa unapigania ugali wake, ukilegea usiku wa nne umemfundisha kwamba akilia vya kutosha unajibu.

Na hapa ndo nyumba nyingi zinaanguka: bibi. Mama amekaza, baba amekaza, bibi anamwita mtoto chumbani anamnong'oneza "mlango umefungwa mjukuu wangu, nimeangalia mwenyewe." Mpango ni wa nyumba nzima au hakuna mpango. Kule Marekani, chuo kikuu cha Yale, mwanasaikolojia Eli Lebowitz na wenzake wana programu inaitwa SPACE ambapo wanafundishwa wazazi peke yao, na utafiti wao wa mwaka 2020 kwa watoto wenye shida za hofu uliona matokeo hayakuwa nyuma ya watoto waliotibiwa wenyewe moja kwa moja. Sasa fikiria kwetu ambapo wataalamu ni wachache na nauli ni shida, mzazi aliyefundishwa ni jambo kubwa.

Kuna mawazo mengine watoto wanaficha. Mtoto anaona kisu anapata wazo la kumchoma mdogo wake, au katikati ya sala tusi linapita kichwani. Anajiona shetani. Tafadhali akikwambia usiruke, usimwite mchungaji usiku huohuo. Mawazo haya yanamtesa kwasababu ndo kitu asichokitaka kabisa duniani. Mlete tuzungumze nae, maana mtoto anayetamani kweli kuumiza watu ni suala jingine na tunalipima tofauti.

Viongozi wa dini sigombani nao, tena baadhi wananisaidia kazi. Sheikh akimwambia kijana kwamba yakini haiondolewi na shaka, umeshatawadha nenda ukaswali, hayo ni yaleyale ninayoyasema mimi, na yeye anasikilizwa kuliko mimi. Asichotakiwa kufanya ni kumjibu swali hilohilo kila siku kwenye simu, na wala mtoto asifungwe mahali akasomewa au kuombewa wiki tatu, shule inampita na dawa ameachishwa.

Twende shuleni sasa, na hapa naomba walimu mnivumilie nitakuwa mrefu maana ndo mafaili ninayoyashika kila siku. Mtoto anayechelewa kwasababu alirudi mara nne kuangalia kama amezima jiko, mtoto asiyemaliza zoezi kwasababu anafuta, huyu anachapwa kama mvivu. Kanuni za viboko shuleni zilizopo Tanzania, za mwaka 2002, zinasema visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, mwanafunzi wa kike achapwe na mwalimu wa kike kama yupo, na kila adhabu iandikwe kwenye kitabu. Na Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 13, inakataza adhabu ya kikatili, na inasema wazi kwamba adhabu haihalalishiki kama haiendani na umri, hali ya mwili na hali ya akili ya mtoto, wala kama mtoto hawezi kuelewa anaadhibiwa kwa nini. Kifungu cha 14 kinaweka faini isiyozidi shilingi milioni 5 au kifungo kisichozidi miezi 6 au vyote pamoja, na hiyo inamgusa mzazi pia sio mwalimu peke yake. Sisi hatupendi kufika huko. Kwa kawaida tunaandika barua kwa mkuu wa shule kwa ridhaa ya mzazi, tunaomba mtoto apewe kalamu badala ya penseli ili asifute, apewe muda kidogo kwenye majaribio, basi. Mtoto akiumizwa, namba 116 ya huduma kwa mtoto ni bure.

Hofu ya kawaida isiyo OCD mara nyingi inakuja na tumbo. Jumapili jioni tumbo linaanza, Jumatatu alfajiri kichefuchefu, Jumatatu saa nne ukishamwachia abaki nyumbani anakula wali. Ameshapimwa malaria mara tatu, ameshapewa dawa za taifodi na yuti ambazo sijui zilionekana wapi. Tumbo linauma kweli, hadanganyi. Ila kila siku anayobaki nyumbani inafanya kesho iwe ngumu zaidi, kwahiyo arudi hata kwa vipindi viwili, alafu vinne. Kwanza lakini uliza kama kuna anayemwonea shuleni, usimrudishe kwa adui.

Dawa. Zipo, fluoxetini na setralini ndo tunazotumia zaidi kwa watoto, na hazimfanyi mtu teja. Utafiti mkubwa wa Marekani wa 2004 kwa watoto wa miaka 7 mpaka 17 wenye OCD uliona waliopata mazoezi pamoja na dawa walifanya vizuri kuliko waliopata kimoja, zaidi ya nusu yao walipona karibu kabisa, na waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani, vya kulinganishia tu, waliopona hivyo ni wachache mno. Kwa OCD inachukua wiki 8 mpaka 12 kuona kazi yake, kwahiyo usinipigie siku ya tano. Nipigie siku ya tano kama mtoto amekuwa hatulii, halali, au anaongea mambo ya kufa, hapo piga au njoo hatakama sio Jumatano. Na usiache ghafla kwasababu jirani amesema.

Kuja kwenyewe: anzia zahanati au kituo cha afya, omba fomu ya rufaa, kama una bima hakikisha fomu imegongwa muhuri na jina la mtoto linafanana na la kwenye kadi, herufi kwa herufi, maana tukiwa na Mwanaisha kwenye kadi na Mwana Isha kwenye fomu utazungushwa asubuhi nzima na mimi siwezi kukusaidia. Bila rufaa bima inaweza kukataa ukalipia taslimu. Wiki moja kabla, andika kwenye karatasi yoyote: ameuliza nini, mara ngapi, nani alijibu. Beba madaftari yake. Ikiwa shida ilianza ghafla ndani ya siku moja mbili, hasa baada ya kuumwa koo, sema mapema pale mapokezi. Na kama bibi ndo analala na mtoto, basi aje bibi, mama anaweza kubaki dukani.