Nafsi ya tatu si jicho linaloona yote

Tunapokaa kusoma hadithi za vijana hapa Goma, nasikia hukumu ileile: "Umeandika kwa nafsi ya kwanza, ndiyo maana mtazamo wako ni mdogo. Geuza iwe nafsi ya tatu, msimulizi aone kila kitu." Kijana anarudi nyumbani, anafuta kila ni- na kuweka a-, kisha analeta hadithi ileile ikiwa imepoa. Hilo linaniuma, maana kazi nzuri inaharibiwa na ushauri uliochanganya mambo mawili.

Mtazamo katika usimulizi ni mahali macho yaliposimama: nani anayaona mambo tunayosimuliwa, yuko wapi, na wakati huo anajua kiasi gani. Si maoni ya mwandishi juu ya siasa au ndoa. Hayo tuyaite msimamo wake. Nafsi nayo ni jambo la sarufi tu. Anayesimulia anasema "mimi", au anasema "yeye".

Mfaransa Gérard Genette, mhakiki wa fasihi, aliyatenganisha waziwazi mwaka 1972, alipoona wachambuzi wanauliza "nani anaona?" na "nani anasema?" kana kwamba ni swali moja. Lile la kuona akalipa jina la fokalizasio, na waliosoma sekondari kwa Kifaransa huenda wanazikumbuka aina zake tatu. Katika fokalizasio sifuri msimulizi anajua kuliko wahusika wote; katika ile ya ndani anajua anachokijua mhusika; katika ile ya nje tunapewa vitendo na maneno tu, mawazo ya mtu hatuyaoni. Katika aina zote tatu, hakuna sharti la "mimi" wala la "yeye".

Chukueni Jumamosi ile ya tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka kaskazini mwa Goma. Kijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, anasimulia akiwa mtaa wa Birere:

"Nilikuwa nimeegesha chukudu yangu Birere nilipoona anga limekuwa jekundu upande wa kaskazini. Nilidhani ni nyumba inaungua. Kumbe ni Nyiragongo."

Sasa tufuate ushauri wa wakubwa:

"Alikuwa ameegesha chukudu yake Birere alipoona anga limekuwa jekundu upande wa kaskazini. Alidhani ni nyumba inaungua. Kumbe ni Nyiragongo."

Tumeongeza nini? Macho ni yaleyale mawili, yamesimama palepale Birere, na yanakosea kosa lilelile la kudhani ni moto wa nyumba. Hatujui zaidi ya kijana hata kwa neno moja. Hii ni nafsi ya tatu, na mtazamo wake ni mwembamba kama ule wa kwanza.

Litazameni hasa lile "kumbe". Mtu anayejua yote hana haja ya kushangaa. "Kumbe" ni la aliyekuwa hajui na sasa amejua, kwa hiyo msimulizi akiliweka katikati ya sentensi za "yeye", ama ameingia ndani ya macho ya mhusika, ama anashangaa pamoja na wasikilizaji wake kama wanavyofanya bibi zetu wakitusimulia usiku. Kiswahili kina vineno vingi vya namna hii ambavyo husema nani anaona bila kugusa nafsi.

Hata "kuja" na "kwenda" vinasema. Usiku ule watu wengi wa Goma walivuka mpaka kuingia Gisenyi, Rwanda. Nikiandika "watu walikwenda Gisenyi", macho yangu yamebaki Goma, yanawaona wakiondoka. Nikiandika "watu walikuja Gisenyi", nimeshavuka, ninawapokea upande wa pili. Kitenzi kimoja kimehamisha macho kutoka nchi moja hadi nyingine, na pande zote mbili sentensi imebaki katika nafsi ya tatu. Ningependa vijana wafundishwe jambo hili mapema, kabla hawajafundishwa kuiogopa "mimi".

Mtazamo mpana kweli ungekuwa hivi: "Kijana alidhani ni nyumba inaungua. Hakujua kwamba lava ilikuwa inateremka, kwamba ingeikata barabara ya Rutshuru na kusimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege." Hapo ndipo msimulizi amemzidi mhusika. Kilichompa ukubwa huo ni ujuzi ambao kijana hana, wala si herufi a-.

Na "mimi" pia inaweza kumzidi mhusika wake, jambo ambalo watoa ushauri hawalitaji. "Nilirudi kulala nikijua yamekwisha. Sikujua kwamba siku tano baadaye serikali ingetuamuru tuhame." Anayesimulia na aliyelala ni mtu mmoja, lakini kati yao kuna siku zile zote hadi tarehe 27 Mei, ambapo watu wa kartie (mitaa) nyingi za mji walitakiwa kuondoka. Anayesimulia anajua, aliyelala hajui. Mwandishi wa "mimi" ana macho mawili ya kuchagua, ya wakati ule na ya leo, na hadithi nyingi nzuri za kumbukumbu zinaishi katika nafasi iliyo kati yake.

Fokalizasio ile ya nje naipita haraka, kwa sababu ni ngumu kuidumisha: "Kijana alitazama kaskazini. Akaishika chukudu kwa mikono miwili. Akasimama." Anaogopa? Amechoka? Hatuambiwi.

Kwa hiyo, wakubwa zangu mnaosoma kazi za vijana, hadithi ikiwabana, msikimbilie kubadilisha nafsi. Mwonyesheni mwandishi sentensi ambayo macho yameruka kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine bila yeye kujua. Na kama mnataka kuona hadi Buhene, mwambieni hivyo: "Hapa nataka kujua jambo ambalo kijana wako wa Birere hawezi kulijua." Atatafuta mwenyewe njia ya kuwafikisha, na huenda akafika na ni- yake.