Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hakikuanzia Mlimani

Wengi huamini kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzishwa mwaka 1970, palepale Mlimani. Ukweli ni kwamba kilifunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi 13 tu, mmoja wao mwanamke, wote wakisomea sheria. Mwaka 1963 kiliingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, kisha mwaka uliofuata kikahamia Mlimani. Kilichotokea Julai 1970, chuo hicho cha pamoja kilipovunjwa, ni kupata mamlaka ya kutunuku shahada zake chenyewe.