Ukisharipoti Pasipoti Imepotea, Imekufa

Wiki hii amekuja mwingine. Kijana nadhifu, anatabasamu kama aliyeshinda bahati nasibu, pasipoti kaishika juu kila mtu kwenye foleni aione. "Dada, nimeipata! Ilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti la mvua." Safari yake ni keshokutwa. Mwezi uliopita alijaza fomu ya upotevu mbele yangu, akatia saini chini ya sentensi isemayo kwamba hati hiyo inafutwa. Leo anataka nimtoe kwenye mfumo, kana kwamba mfumo ni daftari langu na mimi nina kifutio.

Nimelisema jambo hili dirishani mpaka sauti imekauka, kwa hiyo naliandika, na atakayekuja tena nitamwelekeza hapa asome. Katika nchi nyingi, pasipoti ikisharipotiwa kupotea au kuibwa inafutwa, na ikifutwa haifufuki. Hata kama ina miaka minane mbele. Hata kama uliipata saa mbili baada ya kuripoti. Hata kama hakuna aliyeigusa isipokuwa wewe na koti lako.

Shida inaanzia hapa: watu wanadhani pasipoti ni kile kijitabu. Kijitabu ni ganda tu. Fungua ukurasa wenye picha, tazama chini: mistari miwili, kila mmoja una herufi na alama 44, na vile vimishale vinavyowachekesha watoto. Mle ndani mna namba ya hati, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kuisha muda, na tarakimu za kuhakikisha kwamba hakuna aliyechezea hizo nyingine. Ofisa wa mpakani anapoipitisha kwenye mashine, namba hiyo inaweza kulinganishwa na orodha ya nchi yake na pia na kanzidata ya Interpol ya hati za kusafiria zilizoibwa na kupotea, iliyoanza mwaka 2002. Nchi iliyotoa pasipoti ndiyo inayopeleka taarifa zake humo. Jibu likirudi kwamba hati imepotea, ofisa hana habari ya koti la mvua. Anaona mtu ameshika hati ambayo mwenyewe alisema hayuko nayo.

"Lakini picha si yangu? Sura si hii?" Kila mmoja ananiuliza hivyo, na kila mmoja anadhani ni wa kwanza. Kufanana na picha ndiyo kazi ya mtu anayesafiri kwa hati ya mwingine! Halafu kuna wenye hati wanaoikodisha au kuiuza, wakaja kwetu na uso wa huzuni kuripoti upotevu. Tungekuwa na utaratibu wa kufufua, wangeripoti, wakachukua mpya, kisha ile ya zamani ikirudi kutoka matembezini wakatuomba tuiamshe nayo. Sisemi kijana wangu ni mmoja wao. Nasema hakuna mtu anayeweza kuapa kijitabu kilikuwa wapi kati ya siku ya kuripoti na siku ya kupatikana, mimi wala yeye.

Sasa nikiri jambo ambalo fomu zetu haziliandiki. Wapo waliosafiri na pasipoti walizoripoti, wakaenda wakarudi. Si kila dawati linakagua kila kanzidata. Tarehe 8 Machi 2014, kwenye ile ndege ya Malaysia iliyopotea ikitoka Kuala Lumpur kwenda Beijing, walikuwemo abiria wawili wenye pasipoti za watu wengine, moja ya Austria na moja ya Italia. Zote mbili ziliibwa Thailand, zote mbili zilikuwa tayari kwenye kanzidata ya Interpol. Hakuna aliyeziangalia kabla hawajapanda. Kwa hiyo ndiyo, unaweza kupenya. Na kupenya ndiko kunakonitisha, maana utatoka kwenu salama, uje ukamatwe upande wa pili, usiku, kwenye chumba chenye viti vya plastiki, ubalozi umefungwa, na tiketi ya kurudi ni ya wiki ijayo.

Je, uripoti lini? Hapa vitabu vyetu vina jibu fupi: mara moja. Mimi ninalo refu kidogo, na sina hakika wakubwa zangu watalipenda. Ikiwa imeibwa, au imepotelea njiani, hotelini, kwenye gari la abiria, ripoti saa hiyohiyo; kila saa unayochelewa ni saa ya mtu mwingine kuitumia. Lakini ikiwa una hakika haijatoka nyumbani na huna safari, mimi ningejipa usiku mmoja wa kutafuta kwa utulivu, nikijua kwamba nikishatia saini hakuna kurudi nyuma. Tatizo la ushauri wangu ni kwamba wote wana hakika haijatoka nyumbani. Basi tafuta unapostahili kutafuta: begi la safari iliyopita, mfuko ule wa zipu usioonekana. Kifuniko cha mashine ya fotokopi. Nasema kweli, watu huondoka na nakala wakaacha hati halisi imelala kifudifudi kwenye kioo.

Kupata mpya nitapita haraka. Ripoti ya polisi pale inapotakiwa, cheti cha kuzaliwa au kitambulisho, picha mpya (si ile ya miaka sita iliyopita uliyojipenda), fomu, ada. Ukiwa ugenini, nenda ubalozini. Kama safari haisubiri utapewa hati ya dharura, ambayo mara nyingi ni ya safari moja, na si kila nchi itakuruhusu kupita nayo, kwa hiyo uliza kabla hujalipia ndege ya kuunganisha. Wanaosahaulika ni wenye viza: viza iliyobandikwa kwenye pasipoti iliyopotea imekwenda nayo, na kibali cha kielektroniki kimefungwa kwenye namba ya zamani. Pasipoti mpya kwa kawaida ina namba mpya. Omba upya, na uwape shirika la ndege namba hiyo.

Haya, kuhifadhi. Kwanza kabisa, acheni kulaminisha vyeti. Mtu ananiletea cheti cha kuzaliwa kimepigwa plastiki kwa moto, kinang'aa, anadhani amekitunza. Muhuri wa kubonyeza umelainishwa, alama za usalama hazihisiki kwa kidole wala hazikaguliki vizuri, na ofisi nyingi zitakikataa. Huwezi kuivua ile plastiki bila kuvua na maandishi. Selotepu nayo inageuka rangi ya chai, gundi inaingia kwenye karatasi. Pini na stepla zinaacha kutu. Mifuko ya plastiki laini yenye harufu kali inanyonya wino wa fotokopi. Ukiivuta, nusu ya maandishi inabaki kwenye mfuko. Tumia bahasha ya karatasi isiyo na asidi au plastiki ngumu kidogo isiyonuka.

Sefu ya kuzuia moto? Nzuri, ila jueni mnachonunua. Zile za karatasi hupimwa ili ndani joto lisizidi nyuzi 177 kwa muda ulioandikwa, nusu saa au saa moja. Hiyo ni kwa karatasi. Diski na flashi haziwezi kuvumilia joto hilo, zina sefu zake. Na kile kinachozuia moto kwenye kuta zake kwa kawaida kina unyevu, kwa hiyo ukifunga vyeti humo mwaka mzima unaweza kufungua ukakuta ukungu. Weka vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja kwenye boksi la viatu, na ifungue mara kwa mara ipate hewa.

Nakala zikae mbali na hati halisi. Naona mtu anatembea na pasipoti, na nakala ya pasipoti imekunjwa ndani ya pasipoti hiyohiyo! Mwizi atakushukuru kwa ukamilifu. Nakala ya kwenye simu nayo ifungwe kwa nywila, isikae tu kwenye picha katikati ya za harusi.

Kuhusu kijana wangu: pasipoti yake mpya ilikuwa tayari. Imelala kwenye droo yangu siku nne, ujumbe ametumiwa, hakuusoma kwa sababu, anasema, alikuwa ameshaipata ya zamani. Nikamkabidhi, nikaikata pembe ile nyingine mbele yake, akakunja uso kana kwamba nimemkata yeye. Kibali chake cha kielektroniki kilikuwa na namba iliyokufa. Nilipofunga dirisha jioni bado alikuwa kwenye benchi nje, simu sikioni, anamsomea mtu wa shirika la ndege namba mpya, tarakimu moja moja.