Dolly hakufa kwa kuzaliwa maabara: tunavyokosea kuhusu saratani ya mapafu ya kondoo

Dolly, yule kondoo wa kloni (yaani nakala iliyotengenezwa kutokana na seli ya kondoo mwingine) wa Taasisi ya Roslin huko Scotland, alizaliwa Julai 1996 na kufa Februari 14, 2003. Mpaka leo wapo wanaosema alizeeka mapema kwa sababu alitengenezwa maabara. Sivyo. Mapafu yake yalikuwa na uvimbe wa saratani, ikaamuliwa auawe asiendelee kuteseka. Chanzo kilikuwa kirusi kiitwacho JSRV, ambacho humpata hata kondoo aliyezaliwa zizini kama wenzake wote.

Hapo huja pingamizi: saratani haiambukizi! Kwa kawaida ni kweli. Hii ya kondoo huambukiza kwa kuwa kinachohama ni kirusi, kwa pumzi, kamasi na hata maziwa ya mama. Ni retrovirusi, yaani hupachika maelekezo yake ndani ya jeni za seli. Cha ajabu, protini ya ganda lake, ileile inayokifungulia mlango wa seli, ndiyo huisukuma seli kugawanyika bila kukoma.

Kosa linalowaumiza wafugaji zaidi ni kudhani ni kichomi cha kawaida, hivyo sindano moja baada ya nyingine. Ugonjwa huu wenyewe hauleti homa. Kondoo anakula vizuri lakini anakonda, na akiswagwa kidogo tu anahema kama aliyekimbizwa. Ndiyo asili ya jina jaagsiekte walilolitoa wafugaji wa Afrika Kusini kwa Kiafrikana: ugonjwa wa kukimbizwa. Baadaye bakteria huvamia mapafu yaliyokwisha kudhoofika. Antibiotiki zikiwapunguza, mnyama hupata nafuu ya siku chache, na mwenye mali huamini dawa imeshinda. Uvimbe unaendelea kukua. Tiba hakuna, wala chanjo.

Dalili inayojulikana sana ni maji. Ukiinua miguu ya nyuma ya kondoo aliyezidiwa, kichwa kikaelekea chini, maji yenye povu humwagika puani. Lakini si wote hutoa maji, kwa hiyo pua kavu si ushahidi kwamba kondoo ni mzima.

"Basi tupime damu." Ingekuwa rahisi hivyo! Kondoo mgonjwa hatengenezi kingamwili, yaani askari wa mwili dhidi ya kirusi, za kuonekana kwenye kipimo, kwa sababu jeni zake zimebeba nakala zipatazo 27 za virusi ndugu wa JSRV tangu enzi za mababu zake, na mwili humwona mgeni huyu kama mwenyeji. Ndugu hao wana kazi: utafiti uliotolewa 2006 ulionyesha kwamba wakizuiwa, kondo la nyuma halikui sawasawa na mimba hutoka. Kipimo cha ultrasaundi kifuani husaidia, ila uvimbe mdogo sana hukipita.

Kondoo mnene naye si lazima awe mzima. Wengi huonyesha dalili wakiwa na miaka 2 hadi 4, na muda wote huo wamechangamana na wenzao. Iceland ililijua hilo kwa uchungu. Mwaka 1933 iliagiza kondoo 20 wa aina ya Karakul kutoka Ujerumani, wakaonekana hawana kasoro. Walileta jaagsiekte pamoja na magonjwa mengine, na nchi ikalazimika kuchinja makundi mazima mpaka ilipoufuta ugonjwa huu mwaka 1952.

Je, binadamu? Haijathibitishwa kwamba kirusi hiki humwambukiza mtu.

Na usidhani ni habari ya Ulaya tu: Kenya nako umewahi kuripotiwa. Kwa hiyo, ndugu mfugaji, kondoo akifa baada ya kuhema kwa wiki kadhaa, usimtupie mbwa mapafu. Mwite daktari wa mifugo ayaone. Yakiwa mazito, hayanywei kifua kinapofunguliwa, na yanatoa povu yakikatwa, achukue kipande akipeleke maabara, kisha mnyama yeyote mwingine anayehema hivyo atengwe siku hiyohiyo, pamoja na mwanakondoo anayemnyonya.