Binti anayetaka jeshi hahitaji mtu wa kumpitisha

Kila nafasi za kujitolea JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) zikitangazwa malalamiko yanaanza, na safari hii yamezidi ndo maana tumeona tuandike. Mabinti wa Igoma, Buhongwa mpaka Ukerewe wanatapeliwa, na ukiwasikiliza unakuta picha waliyonayo ya mwanamke jeshini wameitoa kwenye muvi za kibanda umiza.

Chukua G.I. Jane ya 1997, muvi ya mwanajeshi mwanamke anayepelekwa kwenye mafunzo ya makomando ya wanaume. Watu wanakumbuka Demi Moore anavyojinyoa kipara na anavyopigwa na mkufunzi wake, wanatoka wakiamini mwanamke ili akubalike lazima anyanyaswe kwanza halafu awe na mkubwa wa kumbeba, si kuna seneta nyuma yake. Jamani, seneta huyohuyo ndo anakuja kumgeuka! Cha maana wanakiruka, kwamba alipowekewa vipimo vya chini alikataa akataka apimwe sawa na wanaume. Na ile ni hadithi tu, Marekani yenyewe ilitangaza kufungua nafasi zote za kivita kwa wanawake Desemba 2015.

Huku kwetu Tanzania Amiri Jeshi Mkuu ni mwanamke tangu Machi 2021, bado mzazi anakuja ofisini ananiuliza eti wasichana mpaka watoe kitu? Hapana mama, hapana, tumeshasema sana.

Maombi yanapitia ofisi ya mkuu wa wilaya na ya mkoa, bure. Kuna binti alikuja, mkimbiaji mzuri kweli, cheti cha kuzaliwa kina jina moja cha form four kina lingine, hilo hakulishughulikia, ila kwenye simu ana meseji ya muamala aliomtumia "afande" ambaye hajawahi kumuona hata sura. Iliniuma. Majina yafanane kwenye vyeti vyote, yarekebishwe mapema kabla tangazo halijatoka.

Anayekuomba mwili ili akupitishe anatenda kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, ambacho kilivyotungwa adhabu yake ni faini isiyozidi milioni 5 au jela isiyozidi miaka 3 au vyote viwili. Usifute meseji zake, usibadilishe laini, piga 113 TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ni bure.

Na mjue JKT haitoi ahadi ya ajira, atakayekwambia ukilipa unapitiliza moja kwa moja JWTZ, yaani jeshi la ulinzi lenyewe, anakudanganya, mripoti polisi siku hiyohiyo.